Mama Kopo na Chupa ya Sampuli

Kila asubuhi, kabla ya kumsalimu mtu, Mama Kopo alikoroga kijiko kimoja cha unga mweupe kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, akasimama dirishani na kunywa taratibu mbele ya wapita njia, kama mwanamke ambaye uzee umemwomba radhi na kuahirisha safari.

Dirisha lile lilikuwa la karakana ya shemeji yake, vyumba viwili vilivyobanwa nyuma ya duka la magodoro. Alichokunywa ni kolajeni, ule unga unaotolewa kwenye ngozi za samaki au za ng'ombe, ambao watu hunywa ili nyuso zao zisikunjamane na magoti yao yasilie. Kwenye makopo ya karakana uliitwa kwa jina refu la kuvutia ambalo hakuna aliyelikumbuka. Watu walifika dukani wakasema, nipe lile kopo lenye yule mama. Yule mama alikuwa yeye. Picha yake ilizunguka nusu ya kopo, ametabasamu, shavu linang'aa kama sahani iliyofutwa. Ndiyo maana akaitwa Mama Kopo, na jina alilopewa na wazazi likabaki mali ya ndugu wa karibu.

Hakuomba kuwa sura ya kitu chochote. Alikuwa mke wa seremala. Mumewe alichemsha gundi ya ngozi uani, kwenye sufuria nyeusi iliyopigwa marufuku kuingia jikoni, na miaka yote ya ndoa yao nguo zake zilinuka viti. Mume alipofariki, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye shemeji mwenyewe, akamwita: njoo kwangu ufungefunge makopo, shemeji, kuliko kukaa unatazamana na ukuta. Akaenda, akafunga makopo. Siku mpiga picha alipokuja, binti mrembo aliyeahidiwa hakutokea. Shemeji akaangaza huku na huku, macho yakamwangukia mjane wa kaka yake akipita na ndoo ya maji ya kudekia. Akaambiwa aitue ndoo. Hiyo ndiyo historia nzima ya urembo wake.

Ngozi yenyewe alirithi kwa mama yake, mwanamke aliyezikwa na mashavu yake, ambaye maishani hakunywa unga mwingine zaidi ya uji. Siku ya picha ile kolajeni ilikuwa haijamgusa Mama Kopo hata ulimini. Alianza kunywa baadaye, kwa sababu shemeji alisema si vizuri sura ilidanganye kopo. Shemeji alikuwa mtu wa maadili.

Mwanzoni mali ilikuwa mali kweli. Ililetwa kutoka kiwanda cha ngozi za samaki, mifuko imeshonwa kwa mashine, kila mfuko na kibandiko chake: samaki wa aina gani, ametoka maji gani, ngozi ilikaushwa lini, namba ya toleo ipi. Ukiutia unga ule majini unayeyuka bila ugomvi, hauna harufu, hauna rangi, kama mgeni mwenye adabu. Kisha kiwanda kikapandisha bei, na shemeji akapata mtu mwingine. Huyu karakanani walimwita Mtu wa Magunia. Hakuwa na kiwanda. Alikuwa na simu. Magunia yake yalishonwa kwa mkono, kila gunia na uzi wa rangi yake, na ukimuuliza unga huu umetoka kwa mnyama gani, alikujibu, "Mnyama mzuri."

Siku gunia la kwanza lilipofunguliwa, Mama Kopo aliinama na chekeche lake, akainuka bila kuchekecha. Harufu ilikuwa ya mbali sana, lakini ilimwita kwa jina. Sufuria nyeusi ya marehemu. Mumewe aliwahi kumweleza kwamba gundi ya kuaminika hutoka kwenye ngozi mbichi ya machinjioni, na ya bei poa hutoka kwenye vipande vinavyotupwa na viwanda vya viatu, ngozi iliyokwisha kulowekwa dawa kali hata nzi haisogelei. Yeye alitumia zote mbili. Kiti hakina tumbo, alisema.

Mama Kopo akamwambia shemeji kuhusu harufu. Shemeji akainusa, akafikiri, akasema kila kitu duniani kina harufu yake, hata mtoto mchanga. Akamwagiza Fundi Pipa aongeze vanila. Huyu Fundi Pipa ndiye aliyezungusha pipa la kuchanganyia tangu karakana ifunguliwe, mtu mrefu mwenye mzaha mkavu. Alinung'unika kwamba vanila ni manukato, si sabuni. Kisha akaongeza vanila.

Lakini shemeji hakuwa mzembe. Kabla mfuko wa mwisho wa kiwanda haujaisha, alifanya jambo aliloliona la busara kuliko yote aliyowahi kufanya. Alitafuta chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana, akaijaza unga ule mzuri, akaiweka kwenye kabati la ofisini na kuifunika kitambaa cheupe. Hiyo ndiyo sampuli. Maabara wakitaka kupima, walichotewa humo. Mteja mkubwa akija kukagua, alifunuliwa hiyo. Vyeti vilirudi safi kabisa, vikatiwa fremu na kutundikwa juu ya meza, na shemeji aliwaonyesha watu kwa moyo mweupe, kwa sababu hakuna hata kimoja kilichoghushiwa. Mji mzima hakukuwa na unga uliopimwa kuliko ule. Unga ule ungekuwa binadamu, usingeugua mafua bila daktari kujua. Unga mwingine wote, uliopita kwenye pipa na kwenda kwenye matumbo ya watu, haukupimwa kwa sababu, kwa hesabu ya shemeji, ulikwisha kupimwa.

Fundi Pipa aliibatiza chupa ile Bi Harusi. Alisema inakaa ndani, imefunikwa, inaonwa na wageni tu, na kazi za nyumba zinafanywa na wengine.

Ufunguo wa ofisi ulikaa kwa Mama Kopo, maana ndiye aliyefika wa kwanza. Na tusizunguke: tangu siku ya gunia la kwanza, kijiko chake cha asubuhi kilitoka kwa Bi Harusi. Alifungua kabati, akainua kitambaa, akachota, akasawazisha juu ya unga kwa mgongo wa kijiko ili pasionekane shimo, akafunika. Wenzake walipoingia walimkuta dirishani anakoroga, na kopo lenye picha yake limewekwa pembeni ya kikombe, kifuniko wazi, kama shahidi aliyefundishwa la kusema.

Hakujiona mwizi. Alijiambia kwamba sura yake ndiyo kazi yake, na fundi hutunza chombo chake cha kazi. Alijiambia pia kwamba harufu si sumu, na kwamba huenda magunia hayana neno. Jambo hili la pili alilijua kuwa ni zuri sana, ila alipolifikiria mkono wake haukuwahi kwenda kwenye kopo.

Shida ilikuwa ni dada.

Dada yake mkubwa aliishi mtaa wa pili, mwanamke mnene mwenye sauti, mshonaji ambaye pedali ya cherehani ilimla magoti yote mawili. Alitembea kwa kushika kuta, akisalimiana na kila ukuta. Kwa kuwa ni wa nyumbani, alipewa makopo bure, akayanywa kwa imani ya kutisha. Asubuhi vijiko viwili, jioni viwili. Alisema akimtazama mdogo wake pale kwenye kopo, nusu ya dawa inaingia kabla hajafungua kifuniko.

Mama Kopo alijaribu kumrudisha nyuma kwa njia za pembeni. Alimwambia apumzike kidogo, mwili unachoka na kitu kimoja. Dada akamtazama kwa jicho moja na kumuuliza, "Unataka upendeze peke yako?" Akamwambia magoti hayataki unga, yanataka daktari. Dada akajibu kwamba daktari hana picha kwenye kopo. Kisha vikatokea vipele, kwenye viwiko kwanza, halafu vikapanda mikononi, na tumbo likaanza kumsumbua. Dada akalaumu sabuni. Akabadilisha sabuni. Akalaumu maharage, akaacha maharage. Alikuwa tayari kulaumu na kuacha kila kitu kilichopita nyumbani kwake, isipokuwa lile kopo lililotabasamu.

Safari moja, roho ikamsuta, Mama Kopo akalimwaga kopo la dada na kulijaza kutoka kwa Bi Harusi. Kwa siku zile vipele vilitulia, na dada akasifu sabuni mpya. Lakini chupa ilishuka kwa kishindo. Shemeji alipoinua kitambaa alibaki ameshika kiuno. "Hawa watu wa maabara," akasema, "wanapima au wanakula?" Mama Kopo alitazama pembeni. Jioni ile alipiga hesabu kichwani, akaona chupa haiwezi kulisha wawili. Kopo la dada lililofuata likatoka kwenye pipa kama makopo ya watu wote. Alisikitika sana, na asubuhi yake akachota kijiko chake kama kawaida. Goti la dada halikuwa kwenye lebo.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokaa hadi alipokuja mkaguzi.

Wenye maduka makubwa ya dawa walitaka kuliweka kopo kwenye rafu zao zote, lakini kwanza wakamtuma mtu wao. Shemeji alikuwa hajalala vizuri kwa furaha. Sakafu ilidekiwa mara mbili, Fundi Pipa akavishwa glavu ambazo hakuzizoea, akawa anashika vitu kama anayeviogopa. Mkaguzi mwenyewe alikuwa binti mwembamba mwenye viatu vya kamba, aliyesema polepole na kusikiliza kama mtu anayenunua. Shemeji alimpitisha chini ya vyeti, akamketisha, akafungua kabati, akakiondoa kitambaa kwa vidole viwili.

Bi Harusi alikuwa amebakiza unga wa kusitiri kitako cha chupa.

Mkaguzi akaisifu chupa. Akasema cheti cha sampuli ameshakisoma na hana ugomvi nacho. Sasa angependa kuona magunia. Akauliza kwa upole unga uliomo umetoka kwa samaki au ng'ombe, ngozi ilitoka machinjioni au ilipita kwanza kiwandani kwenye dawa, nani aliikausha, na namba iliyopigwa chini ya kopo inampeleka mtu kwenye gunia lipi. Shemeji alikuwa na jibu kwa kila swali, na jibu lenyewe lilikuwa ile chupa. Mwisho akacheka kidogo, kicheko cha mtu mzima anayemhurumia mtoto wa shule.

"Binti yangu, kupima ni mara moja. Mtu akishajulikana grupu lake la damu, linabadilika?"

"Halibadiliki, mzee, kwa sababu mtu ni yule yule," mkaguzi akasema. "Ila hapa naona naonyeshwa damu ya marehemu."

Fundi Pipa alikohoa ndani ya glavu. Shemeji hakukasirika, yeye ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hanyimwi mlango bila kujaribu dirisha. Akasema maabara ni za watu, na watu hukosea, lakini kuna ushahidi usioghushiwa. Akapiga simu. Mama Kopo, aliyekuwa chumba cha pili anabandika lebo zenye uso wake, alisikia anayeitwa ni nani, na gundi ya lebo ikamkaukia mkononi.

Dada alifika amevaa gauni la sherehe, akishika fremu ya mlango, halafu kabati, halafu meza, hadi akafika kwenye kiti. Alifurahi kuitwa. Maisha yake yote aliwashonea wengine nguo za kuonekana nazo, na leo yeye ndiye wa kuonekana. Akamweleza mkaguzi habari za pedali, za ngazi alizozishindwa, na jinsi unga huu ulivyomrudishia miguu. Alieleza vizuri sana, akijikuna.

"Mkono huo una nini, mama?" mkaguzi akauliza.

"Sabuni tu, mwanangu."

Shemeji akafungua kopo jipya mbele ya macho ya wote, karatasi ya kifuniko ikalia. Akaita maji ya uvuguvugu, akaita kikombe. "Shemeji," akasema kwa fahari, "mkorogee dada yako."

Mama Kopo akakoroga. Hakuwahi kuukoroga unga wa pipa kwa karibu hivyo tangu magunia yaanze. Vanila ilipanda kwanza, ikapita na madoido yake kama watu wa mbele wa msafara. Nyuma yake, polepole, ukaja uani kwao: sufuria nyeusi, viti vilivyogeuzwa miguu juu, marehemu na fimbo yake ya kukorogea, akisema kiti hakina tumbo. Akampa dada kikombe. Dada akakipokea kwa mikono miwili, mikono yenye vipele, akamtazama mdogo wake usoni kama alivyozoea kulitazama kopo.

Mkaguzi akamgeukia Mama Kopo. "Na wewe unakunywa hii hii?"

Shemeji alimjibia. Kila asubuhi, dirishani, mtaa mzima ni shahidi. Mama Kopo alitakiwa kuinamisha kichwa tu. Kichwa chake kilikuwa na mazoea hayo. Kilishainama mbele ya kamera na wateja, na hakikuwahi kuulizwa kinachokubali ni nini. Dada akakiinua kikombe hadi kikagusa mdomo.

Mama Kopo akakishika kikombe kwa kiganja, juu ya mkono wa dada yake.

"Dada, usinywe."

"Kwa nini? Wewe si unakunywa?"

"Mimi sinywi hii. Mimi nakunywa ya kwenye chupa."

Magodoro ya jirani yakasikika yakipigwa vumbi. Wa kwanza kupata sauti alikuwa shemeji, na ilikuwa sauti ya mtu aliyeumizwa kweli. Alimtazama shemeji yake, akaitazama chupa, akamtazama tena.

"Kumbe ni wewe uliyenimalizia sampuli," akasema. "Mimi nawatukana watu wa maabara bure."

Hilo ndilo lililomchoma. Alilirudia kwa namna mbalimbali: kwamba alimwamini na ufunguo, kwamba alimtoa kwenye ndoo, kwamba chupa ile ilikuwa na heshima yake. Fundi Pipa akaivua glavu moja na kusema chini chini kwamba haikumpitia akilini kuwa Bi Harusi anatembelewa. Mkaguzi akainuka, akaenda chumba cha pili, na walimsikia akifungua gunia.

Dada alikuwa bado ameshika kikombe.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu magunia yalipoanza."

Dada akawaza nyuma. Ilionekana usoni anavyopita kila kitu alichokiacha: sabuni ile, na ile ya pili, maharage. Sauti yake kubwa, iliyozoea kuvuka barabara, ilitoka ndogo.

"Mkapika sumu, sawa, huyu ni mfanyabiashara. Lakini wewe ulijua kizuri kiko wapi. Ukajichotea, mimi ukaniachia picha yako."

Mama Kopo alitaka kusema kuhusu lile kopo moja alilolibadilisha. Akaliona jinsi litakavyosikika, akalimeza. Dada akakiweka kikombe mezani bila kumwaga hata tone, kama anavyoweka sindano, akasimama. Hakushika meza. Hakushika kabati. Alitoka mlangoni na gauni lake la sherehe na fremu ya mlango hakuigusa.

Mama Kopo akafungua kamba za aproni. Kamba ilikuwa na fundo, ikamchukua muda, na wote wakamsubiri kwa heshima kana kwamba ni ibada. Akaitundika kwenye msumari wake. Ufunguo akauweka kabatini, pembeni ya chupa, akaifunika chupa vizuri na kitambaa, kwa mazoea. Kutoka chumba cha pili ilisikika sauti ya mkaguzi akimuuliza Fundi Pipa uzi huu mwekundu una maana gani na ule wa kijani una maana gani, na Fundi Pipa akijibu kwamba maana yake ni kwamba mwekundu ulikuwa umeisha.

Shemeji alimfuata hadi kizingitini. Hasira zilikuwa zimempungua, matumaini yamerudi. Mtu yule hakuwa na kinyongo pale palipo na biashara. Akamwinamia sikioni.

"Shemeji, kwani nyumbani kwako hujabakiza kidogo cha ile nzuri? Hata kijiko. Nimpe huyu binti apimie."

Mama Kopo akapita duka la magodoro, akashuka barazani. Mwanamume aliyekuwa akisubiri kufunguliwa duka la jirani alimwamkia, akamuuliza kwa utani kama leo ameshakunywa dawa yake, kwa maana hakumwona dirishani na alianza kuzeeka kwa wasiwasi. Kwenye kioo cha duka hilo makopo yalikuwa yamepangwa kama ngazi, na kutoka kila ngazi uso wake mwenyewe ulimtabasamia Mama Kopo.

Dada alikuwa mbele, kashafika mbali. Alikwenda katikati ya barabara, mbali na kuta zote, mikono ikirushwa, gauni likipepea, magoti yakikunjuka na kukunjika kama ya msichana. Kile ambacho makopo yote yale hayakukifanya, ghadhabu ilikifanya kwa kikombe kimoja kisichonywewa. Mama Kopo akaharakisha. Akamwita mara moja, kwa jina la utotoni, na dada hakugeuka. Nyuma shemeji naye aliita, akisema kitu kuhusu kesho na mpiga picha. Mama Kopo hakugeuka pia. Alimfuata dada yake kwa umbali ule ule, hatua haziongezeki wala hazipungui, hadi kwenye kona, wakakunja, na lile dirisha halikumwona tena.